Mzazi wa Darasa la Tatu

Jumatatu, 7 Julai 2003
Miezi mitano tangu nitoke Kimilili. Kokoto na saruji tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Darasa hili likifika paa nitalipwa, niende nyumbani nimwone mtoto wangu.

Wanafunzi wa ng'ambo wamefika hapa Mitaboni, Ukambani. Wanajitolea wiki moja. Vifaa ni vyao. Mabati bado hawajaleta. Walipatana na shule kwamba wazazi watatoa nguvu zao bure. Wazazi hawakuja, wana shughuli zao. Ndipo Fundi Kioko akatuchukua sisi vibarua. Ametuonya: ukiulizwa, wewe ni mzazi.

Si uongo. Mimi ni mzazi.

Jumanne, 8 Julai
Tumebeba mawe pamoja na wageni. Msichana mmoja, Klara, amejifunza Kiswahili kitabuni. Ananiita bwana. Aliuliza kama nina mtoto hapa shuleni. Nikasema ndiyo, Nekesa, darasa la tatu. Jina lilinitoka lenyewe. Sikuwa nimelitamka kwa muda. Nilifurahi, kisha nikaogopa.

Alhamisi, 10 Julai
Klara alienda darasa la tatu kumtafuta Nekesa. Watoto walicheka, wakamwambia hilo ni jina la Waluhya. Mwalimu mkuu aliniita.

"Wafula, hapa tuko na akina Mwende wanne darasa moja. Si ungechukua mmoja?"

Amepanga hivi. Kesho wageni watanipiga picha na mtoto mbele ya ukuta. Nitapewa Mwende mmoja, nimuite Nekesa. Wageni wakijua wazazi hawakufanya kazi, mabati hayaji. Kioko akaongeza kwamba hilo likitokea, hata mimi nisije tena.

Nimekubali.

Ijumaa, 11 Julai
Mtoto aliletwa amepakwa mafuta, amevaa sweta ya kuazima. Nilimwekea mkono begani. Akaninong'oneza, "Wewe si baba yangu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananikumbusha tu.

Klara akainua kamera, akataka nimuite Nekesa atabasamu. Niliondoa mkono begani mwake. Halafu nikamwambia Klara, "Huyu si wangu. Wangu yuko Kimilili. Mimi ni kibarua."

Akashusha kamera. Wageni walikaa ofisini na mwalimu mkuu mpaka chai ikapoa. Kioko alinitukana kwa Kikamba. Kikamba sijui. Matusi yale niliyaelewa.

Jumapili, 13 Julai
Wageni waliondoka jana. Mabati watatuma, ila wazazi wayapigilie wenyewe. Leo baada ya kanisa wanaume kadhaa wamekuja kuangalia ukuta. Mmoja alipanda kiunzi, akakitikisa, akashuka.

Kioko amenilipa nusu bila kuniangalia. Anahamia kazi nyingine Syokimau. Alitaja vibarua atakaokwenda nao; jina langu hakulitaja.

Nimefua nguo, zimekauka. Basi ni kesho jioni, nalipandia Machakos mjini. Jumanne, Nekesa akitoka shule, atanikuta nyumbani.