Sonde Uliyoimeza Mbele Yao

Yaya Afoyo, dada yangu mkubwa,

Nimechoka. Naanza hapo kwa sababu ungeliona usoni kabla sijasema. Nimekaa kitandani kwangu, hapa Bigo, viatu bado miguuni, na nguvu ya kuvivua sina.

Tangu tukuzike, wodi ya watoto imekuwa ngumu. Kazi yenyewe ni ileile uliyonifundisha: kupima sonde, ule mpira wa kulishia, kutoka ncha ya pua mpaka kwenye ndewe ya sikio, kisha kushuka mpaka katikati ya mwisho wa kifua na kitovu, kipande cha sparadra, utepe wa kunata, pale kipimo kinapoishia, ndipo uingize. Ugumu ni mama zao. Unajua walivyosema siku zote, kwamba mtoto akiwekewa sonde basi ameshaagwa. Wewe ulikuwa na dawa ya maneno hayo. Ulichukua sonde mpya, ukajipima mbele yao, ukaipitisha puani, ukaimeza huku machozi yanakutoka, kisha ukamkazia mama macho: "Angalia. Niko. Naongea na weye." Wao waliona uchawi. Sisi tulijua unawaonyesha ilipofika, maana sonde ikipotea ikaingia njia ya pumzi, mtu hukohoa na sauti hukatika.

Mimi nilikataa kukuiga. Ulinicheka, ukasema pua yangu ni ya mapambo.

Kisha koo lako likaugua, chakula kikakataa kupita. Ulijipima mwenyewe ukiwa kitandani, ukashikilia alama kwa kidole, mimi nikabandika sparadra na kuiingiza. Ulikula kwa sonde hiyo mpaka mwisho. Na kila mama aliyepita mlangoni alikuona.

Nikwambie kweli, yaya: nimekukasirikia. Uliwaaminisha kwa pua yako, kisha ukafa sonde ikiwa puani. Sasa nikisogea, wananijibu kwa jina lako. Leo alikuwa bibi mmoja aliyetoka upande wa Kilo na mjukuu wake, mifupa na macho tu, hata kunyonya hawezi tena. Alimfunika mtoto kwa kitenge, akasema taratibu, bila ubaya: "Afoyo naye alikufa na ile kamba mu pua. Munataka mutoto naye amufuate?"

Nilitoka nikaegemea ukuta kule wanakofulia, nikawaza niende zangu nyumbani, mwingine aje ajaribu. Lakini mtoto asiyemeza hangojei zamu ya mtu. Nikarudi na sonde mbili, ndogo yake na kubwa yangu.

Inauma, yaya. Hukuwahi kusema kama inauma hivyo. Mara ya kwanza nilikohoa mpaka nikaichomoa, na mama wa kitanda cha jirani akaanza kusali. Mara ya pili niliinamisha kidevu, nikameza, nikameza tena, mpaka alama ikagusa pua. Maneno yako sikuyasema. Nikasema yangu: "Bibi, Afoyo aliuliwa na ugonjwa ya koo. Ile kamba ndiyo ilikuwa inamulisha. Ni miye nilimuwekea."

Aliuangalia mpira ulioning'inia puani mwangu. Kisha akafunua kitenge, akauliza kipimo cha mtoto kinaishia wapi. Nikamwonyesha. Akaweka kidole chake pale, chini ya mbavu za mjukuu, akatulia nacho mpaka nikabandika sparadra. Nilipoiingiza, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kupigana nami. Nilivuta maji kidogo kwa bomba la sindano, karatasi ya kupimia ikageuka nyekundu kwa asidi: sonde iko tumboni. Tukaanza maziwa, kidogo kidogo.

Sijui kama ataishi. Nakuandikia bila kujua, na wewe ulinikataza kuwaahidi watu uhai. Ila nilipokuwa naondoka, bibi alikuwa amekaa na yule mama wa jirani, anamweleza kwamba kamba ile ndiyo iliyokupa chakula wakati koo lilipokunyima. Alisema kama mtu aliyekuwepo.

Kwaheri, yaya. Pumzika, mmoja wetu apumzike. Jina lako sitaliacha limnyime mtoto maziwa. Atakayelitaja ili akatae, nitameza mbele yake, na nitamwambia ulikula.

Mdogo wako,
Sofia