Kifungu Alichokisoma Baba

Cancale, 11 Juni

Mama mpenzi,

...na hilo ndilo nililotaka kumalizia juzi, simu ikakatika! Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima huku fungateni, tumelewa mapenzi. Mume wangu Corentin ananifungulia chaza mwenyewe. Amejikata mara mbili na bado anacheka. Nikiamka naangalia pete, halafu yeye, halafu pete tena.

Ulimwona Baba siku ya harusi? Mbali na ubunge, yeye ndiye meya wetu, amefungisha ndoa nusu ya mji wa Montrazès, na vile vifungu vya sheria huvisoma huku akiwaza chakula cha mchana. Lakini siku yetu, na utepe wake wa umeya wa rangi tatu kifuani, alipofika penye "mume na mke wanawajibika kuishi pamoja," akanyamaza. Mjomba Firmin akanong'ona, ukumbi mzima ukasikia: "Mheshimiwa kapoteza ukurasa!" Mimi nikadhani ni uchungu wa kumwoza binti.

Sasa sikia. Jana tuko mgahawani, redio ikatangaza: Ghislain Vaysse, mbunge wa kihafidhina kwa miaka ishirini na mmoja, amekataa uwaziri wa kilimo na anaacha siasa. Uma ulinidondoka! Mwenye mgahawa akasema, "Huyo? Angemuuza mama yake apate uwaziri!" Corentin akamwambia, "Taratibu, bwana, huyo ni baba mkwe wangu."

Mama, mtu ambaye hakuwepo nilipozaliwa kwa sababu ya kura ya bungeni ya bei ya maziwa! Anaumwa? Niambie ukweli.

Binti yako, mke wa mtu (bado siamini!),
Apolline


Montrazès, 15 Juni

Binti yangu,

Nakusalimu wewe na mkwe wangu. Mwambie chaza hufunguliwa ukiwa na kitambaa mkononi. Mgongo haujambo. Baba yako haumwi.

Alhamisi aliingia na sanduku la safari. Alhamisi! Mimi namjua yule wa kurudi Jumamosi, wa kushikana mikono sokoni na kuonja jibini la kila mtu. Nikamuuliza, "Umepotea? Bunge liko Paris."

Akasema, "Solange, kile kifungu nimewasomea watu miaka yote. Siku ya Apolline ndipo nilipokisikia."

Nikamjibu, "Mimi nilikisikia siku tuliyooana."

Msemaji kama yule, akaenda kutafuta viatu vya ndani!

Sasa kaa chini. Mimi pia nilikuwa na sanduku, chini ya kitanda. Nilingoja uolewe tu, kisha niende kwa dada yangu Rodez, nisirudi. Baba yako amelikuta akitafuta hivyo viatu. Yote mawili sasa yamesimama mlangoni: lake halijafunguliwa, langu halijaondoka.

Anahutubia kuhusu familia tangu hujazaliwa, na leo asubuhi ameniuliza sukari inakaa wapi. Sijui nitafanya nini.

Mama yako


Cancale, 18 Juni

Mama yangu,

Leo sikuulizi mgongo, nauliza moyo. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Wewe? Ulinifunga vifungo vya gauni huku ukiimba, na sanduku liko chini ya kitanda? Nimelia mpaka Corentin akadhani yeye ndiye aliyenikosea. Nilipomsomea, akasema, "Polly, mimi nisije nikakuuliza sukari iko wapi." Akaenda jikoni, akafungua makabati yote. Ndiyo maana nampenda!

Sikuombi umsamehe Baba. Nakuomba usiondoke nikiwa mbali hivi. Leo mwonyeshe sukari. Kesho mwache atafute chumvi mwenyewe.

Na nikikuta masanduku bado yako mlangoni, Baba nitamvua ule utepe, niuvae mimi. Nitawasimamisha wawili mbele yangu, niwasomee kile kifungu polepole, na safari hii wewe ndiye utakayejibu kwanza. Ukisema hapana, sanduku lako nitalibeba mimi mwenyewe hadi Rodez.

Ningoje, Mama. Tunakuja kabla mwezi haujaisha.

Mwanao,
Apolline