Magari ya Stima Yanapanga Foleni Nyuma ya Mahindi Yetu, Sasa Kuna Wanaotaka Yapite Mbele

Shangazi Kavindu, salamu nyingi kutoka Emali. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata nikizunguka, kwa sababu nina furaha na nina shida na zote mbili zimekuja kwa mlango mmoja. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha mwethya, sisi akina mama tunaosaidiana kulima na kuchimba matuta shambani kwa kila mwanachama, na kwa jasho letu tulinunua mashine ya kusaga unga karibu na barabara ya Mombasa, mashine inayotumia ile stima kali ya nyaya tatu, na hiyo stima ndiyo iliyotuletea haya yote.

Mwaka jana liliingia uwanjani gari la stima lililokuwa linakata roho. Mwenyewe anaitwa Abdiwahid, mfanyabiashara wa mifugo, na alikuwa amekasirika sana kwa sababu simu yake ilimwonyesha mahali pa kuchaji na alipofika akakuta pamekufa, na kwenye kituo cha petroli wakamcheka, basi akaona nyaya zetu akauliza, "Mama, hapa naweza pata stima?" Fundi wetu Kyule akamwekea soketi inayofaa na swichi yake, gari likaanza kula, na Abdiwahid akakaa kungoja na kulalamika, na mimi Shangazi mtu akilalamika huwa namsikiliza vizuri, maana anakuambia angenunua nini kama kingekuwepo.

Alisema hakuna pa kukaa, tukajenga kivuli na benchi, akasema vyoo vya njiani havifai, tukachimba chetu na mwanachama wetu Kasiva anakiosha kama cha nyumbani kwake, akasema watoto wake hulia njaa wakingoja, tukaweka sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Lakini akasema kinachomuumiza zaidi ni kutojua, unatoka Nairobi na hujui kama huko mbele stima iko ama imepotea, basi nikamwambia anipigie kabla ya kutoka, akawapa wenzake namba yangu, na sasa kila asubuhi simu inalia, "Mama, stima iko?" nami nawaambia, "Iko, lakini kuna mtu ako mbele yako, kuja pole pole," na ikiwa imepotea nasema imepotea, wasije.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu foleni. Kwa mashine yetu mtu hasimami kwa mstari, unaweka debe lako la mahindi au kikapu chako cha kiondo, unaenda sokoni, nacho kinakushikia nafasi na hakuna anayethubutu kukisukuma. Stima yetu haiwezi kusaga na kuchaji kwa pamoja, fyuzi inaruka, kwa hivyo siku ile bila kufikiria nilimpa Abdiwahid kiondo nikamwambia akiweke nyuma ya debe la Kasiva, halafu nikaona aibu, mtu wa gari kama lile. Yeye alicheka akakiweka. Tukaamua zamu ya gari iwe kama ya mtu anayesaga unga wa harusi, ambayo ni ndefu, na asiyetosheka anarudisha kiondo nyuma. Shangazi, wamependa sana. Wanasema kwingine mwenye jina kubwa anapitishwa mbele, na mwingine anaacha gari limejaa anaenda kula nyama na wewe unabaki kungoja, lakini kwetu zamu ikiisha mwenzetu Katunge anaita kwa ile sauti yake ya kwaya, "Mwenye gari ya kijani, gari imeshiba, kuja utoe," na mtu anakuja mbio na suti yake. Wengine wamenunua viondo vyao wenyewe na wanatembea navyo.

Tumeshinda, Shangazi. Mwaka huu mvua imetukosa, lakini kwa pesa za magari hakuna mwanachama hata mmoja aliyeuza mbuzi ili watoto wale. Nililia kanisani nikitoa ushuhuda huo.

Basi kampuni moja ya Nairobi, jina naliweka kando, imekuja na mkataba. Wanataka kukodi uwanja wote walete chaja ya haraka, na masharti yao ni kwamba gari likifika mashine ya unga izimwe, na namba yangu ifungwe, watu wajibiwe na sauti ya kompyuta. Mume wangu Ndolo wamemwahidi umeneja, na bila kuniuliza akawaambia waje Jumamosi tutie sahihi. Nikimuuliza ananiambia, "Mutindi, hii ni bahati. Unataka kuendelea kunuka unga mpaka lini?" Wanachama wengine wanasema tukubali, wengine wamekasirika hawasemi nami, na mimi sitaki kuvunja nyumba yangu wala kikundi changu. Je, nitie sahihi, ama ni mimi ninayeogopa kukua?

Mutindi, Emali

SHANGAZI KAVINDU ANAJIBU

Mutindi, umeniandikia barua ndefu ya kujisifu halafu ukaitilia alama ya kuuliza mwishoni. Jisifu, mama, ni haki yako. Nilipofika pale pa mbuzi nilisimama nikawasomea wenzangu wote ofisini, na mhariri wetu, ambaye hacheki ovyo, alicheka kwa furaha.

Sasa nikugombeze kidogo. Unadhani hawa watu wamefuata nyaya zako? Nyaya tatu ziko kwenye mashine za unga kutoka Sultan Hamud hadi Mutomo. Mbona hawakwenda huko? Wamekuja kwako kwa sababu madereva wanakuamini, na wanakuamini kwa sababu unawaambia ukweli kwa simu na humpitishi mkubwa mbele ya mdogo. Halafu hayo mawili ndiyo wanayotaka kuyazima. Mtu akija kununua kuku wako wa mayai na sharti lake la kwanza ni amchinje hapo hapo, utaniandikia barua kuniuliza?

Na hilo la kuogopa kukua uliache kabisa. Mtu anayeogopa kukua hajengi choo kwa ajili ya wageni. Kueni, lakini kwa miguu yenu. Ombeni laini ya pili ya stima, yenye mita yake, iwe ya magari peke yake, ili unga wa Kasiva usingoje gari na gari lisingoje unga. Mwiteni mkaguzi mwenye leseni aangalie kazi ya Kyule, si kwamba namdharau, ni kwamba magari yameongezeka na moto haujui mwenyekiti ni nani. Simu nayo isikae kwako peke yako, kwa maana siku ukiugua barabara nzima italala. Mfundishe Katunge na mwingine mmoja, na neno likiwa "imepotea" waseme imepotea. Kisha uende ukawatembelee akina mama wenye mashine Kibwezi na Mutomo, uwaonyeshe mnavyofanya. Dereva akijibiwa ukweli kila kituo, hamtahitaji kumtafuta.

Ndolo ametoa neno juu ya kitu kisicho chake, na hapo amekosa. Lakini usimwambie hivyo mbele ya akina mama, atakuwa adui kwa sababu ya aibu tu. Mwambie nyumbani, kabla ya Jumamosi, mkiwa wawili, kwamba mashine ni ya kikundi na hata wewe huwezi kuitoa. Kisha mpe kazi. Mtu anayetamani umeneja anapenda kuingia maofisini, basi yeye ndiye afuatilie hiyo laini ya pili mpaka nguzo zisimamishwe. Utashangaa atakavyojivuna nayo.

Kampuni hiyo msiifukuze. Ikitaka kipande cha uwanja iweke chaja yake kwa laini yake, mkae mzungumze, wakili wenu akiwa amesoma kila ukurasa. Mashine haizimwi, namba inabaki ya kikundi, na kila gari linangoja zamu yake.

Jumamosi yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa kuwa barua yako imenionyesha ulivyo. Utaanza kueleza, utazunguka, utawaomba radhi kwa kuwasumbua, na wao watapata pa kuingilia. Usieleze, Mutindi. Simama mbele ya wanachama wako useme, "Uwanja wote haukodishwi," kisha uketi. Kimya kikiwa kirefu, waache wageni ndio waanze kujieleza.