Sauti ya Guku Katika Umeme wa Wajapani

Chuo cha Mafunzo ya Mpunga,
Japani.
14 Novemba, 1996

Mpendwa Shangazi Nyanjige,

Shikamoo. Tena mwangaluka, usije ukasema Wajapani wamenisahaulisha Kisukuma. Hamjambo wote hapo Migato? Goti lako linakusumbua bado, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Mvua zimeshika? Nawaza sana ng'ombe wa mumeo, Baba Shigela, maana nilipoondoka mbavu zao zilikuwa zinahesabika. Na wewe Justina unayemsomea mama barua hii, soma polepole na usiruke mahali. Nakujua.

Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, nasoma. Wali wa hapa unashikana, nao hawautii chumvi wala mafuta, lakini nimeuzoea. Bibi shamba mzima nimefundishwa upya kupanda mpunga, na mashine inayopanda mistari kumi huku mtu kakaa juu yake kama yuko kwenye kiti cha sebuleni. Nilisimama ukingoni mwa jaruba mdomo wazi mpaka wenzangu wakanicheka.

Na umeme, Shangazi! Tangu nifike haujakatika hata mara moja. Wiki ya kwanza nilikuwa nikiweka kiberiti na mshumaa karibu na mto, nangoja. Upo barabarani, upo chooni, upo mpaka kwenye kasha la chuma lililosimama peke yake njiani likiuza chai ya moto, bila muuzaji. Unatia sarafu, linakupa kopo, nalo lina moto mpaka unalihamisha mkono huu na huu. Nilisema asante kwa lile kasha. Cheka tu.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu.

Unaikumbuka redio kaseti aliyoinunua Limbu Mwanza mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na kulipa papo kwa papo? Kaka yangu yule hakununua bati, alinunua redio. Mwaka huu akanunua nyingine kubwa zaidi, na hii ya zamani akanipa mimi nije nayo huku. Ndiyo mliyonirekodia kaseti ya kuniaga pale uani kwako, kila mtu akisema neno lake. Mimi sikuisikiliza. Niliogopa nitalia kabla ya kupanda ndege, nikaiweka akiba ya siku ya upweke.

Siku hiyo ilikuja mwezi uliopita. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikawakumbuka wote. Betri nilikuwa nimeziacha nyumbani kupunguza uzito, kwa hiyo nikaamua kutumia umeme wa ukutani. Plagi zetu ni za miguu mitatu minene, matundu yao ni mawili membamba. Nikaenda dukani nikanunua kile kidude cha katikati wanachokiita adapta, ikaingia vizuri, nikajiona fundi. Taa nyekundu ya redio ikawaka, ingawa hafifu. Nikatia kaseti yenu, nikairudisha nyuma kidogo tu kutoka pale mlipoishia, nikabonyeza.

Shangazi, aliyesema ni Guku Bundala.

Sikutanii. Ni baba yako yuleyule, babu yangu tuliyemzika nikiwa darasa la tano. Sauti yake nzito, ya kuvuta, inayotoka chini tumboni, na kile kituo chake kabla ya kumaliza neno. Akaniita jina alilonipa yeye siku niliyozaliwa mvua ikinyesha, ambalo siku hizi hakuna aniitaye ila wewe. Akasema: "Kabula, usisahau njia ya nyumbani. Rudi."

Basi. Kaseti ikakwama hapo.

Mimi ninayekwenda kanisani kila Jumapili, niliyekuwa nikibishana nawe juu ya masamva, nikikwambia mizimu haina kazi na mtu aliyebatizwa, nilipiga magoti mbele ya redio nikaitika. Unajua Guku alivyokuwa. Akikutuma hata dukani, neno la mwisho lilikuwa "rudi", na ukichelewa fimbo ilikuwa inangoja mlangoni. Nikajiambia, amevuka bahari kunifuata, kuna jambo nyumbani. Labda baba ni mgonjwa, labda ni wewe, nanyi mnanificha. Simu ya kupiga Migato iko wapi? Barua ni wiki tatu.

Usiku sikulala, na asubuhi nilikuwa nimeshafunga sanduku. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwambia narudi kwetu, nimeitwa. Yule mzee ni mpole, hakunikatalia. Alinieleza tu kwamba nikiondoka kabla ya mtihani, cheti sipati, na nafasi ya wilaya yetu hairudi tena. Shangazi, unajua wanaume wangapi pale ofisini Bariadi waliitaka nafasi hii, na unajua walivyosema wakati jina langu lilipotoka. Nilijua ninachoacha. Lakini nani humjibu Guku kwamba ngoja kwanza nifanye mtihani? Nikasema niandikiwe tiketi.

Jirani yangu wa chumba ni Rosario, mtumishi wa kilimo kutoka Ufilipino, mcheshi, anakaribia umri wako. Aliniona navuta sanduku kwenye korido na macho mekundu, akaniingiza chumbani kwake kwa nguvu. Nikamsimulia yote kwa Kiingereza changu cha kukwaruza. Hakucheka hata kidogo. Kwao nao wafu huwajia watu. Akaomba kwa adabu, kama inaruhusiwa, naye amsikie huyo mzee.

Nikairudisha nyuma, nikaiwasha. Guku akaanza: "Kaaabula..." Rosario akainamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeuza redio, akachungulia nyuma, akaniuliza umeme wa kwetu ni volti ngapi. Nikamwambia mia mbili na arobaini, namba iliyoandikwa palepale nyuma. Akasema wa hapa ni mia moja tu.

Shangazi, nilidhani umeme ni umeme! Kumbe kila nchi ina nguvu yake, na adapta inabadilisha matundu tu, nguvu haiigusi. Redio yangu ilikuwa inangoja kushiba kwa mia mbili na arobaini, ikapewa chini ya nusu. Ilikuwa na njaa, ndiyo maana ikaburuta maneno. Rosario mwenyewe, alipofika, mashine yake ya kukaushia nywele ilimpulizia upepo kama wa mgonjwa anayepoza uji. Nyuma ya redio kuna kiswichi kidogo cha kuzungushwa kwa ncha ya kisu. Akakizungusha mpaka mia moja, akarudisha kaseti.

Ukatoka wewe. Wewe mwenyewe, na sauti yako nyembamba ya haraka, na jogoo nyuma yako, na Limbu akikuhimiza uharakishe: "Kabula, usisahau njia ya nyumbani. Rudi."

Nilicheka mpaka nikalia, kisha nikalia tu.

Utasema, Kabula, wewe umekulia na redio za betri, hujui kaseti ikivuta maana yake nini? Najua sana! Betri zikichoka muziki unaburuta, tunazitoa, tunazianika juani juu ya bati. Lakini hiyo ni betri. Ukutani kuna betri? Sijawahi kusikia mtu kwetu akisema umeme umechoka. Kwetu upo, au haupo.

Tiketi nimeifuta, sanduku nimelifungua. Mtihani ni Machi, na baada ya hapo narudi. Nimekusikia, sitakaa huku.

Mwambie Limbu redio ya Kijapani aliyoagiza nitamletea, lakini ikifika asiichomeke popote kabla sijamwonyesha. Hizi za hapa zimezoea mia moja. Akiipa umeme wa Bariadi mjini itaungua papo hapo na moshi utoke, halafu atasema nimemletea kitu kibovu.

Ila Shangazi, tangu siku ile nina mshangao ambao haujanitoka. Rosario amenieleza volti, nimeelewa. Lakini hakuna volti inayoweza kutengeneza Guku. Ile sauti ilitoka wapi? Imetoka kwako. Miaka yote hii umeibeba kooni, chini ya sauti yako, na hakuna aliyejua, hata wewe. Unakumbuka ulivyoniambia jikoni kwamba sura yake unayo, kikohozi chake unacho, lakini sauti imekupotea, na hakuna aliyewahi kumrekodi? Ukifikiri ipo haja ya kumtambikia kwa jambo hili, tambika. Safari hii sitabisha.

Wasalimie Baba Shigela, Justina, Limbu na mkewe Eufrasia, na baba yangu Mayige, mwambie dawa za presha asiruke. Mungu na wazee wetu wawatunze mpaka tuonane.

Na hili ulifanye kweli. Limbu akija Krismasi na redio yake, mwambie atie betri mpya, akurekodi ukiita jina lako mwenyewe, Nyanjige, taratibu. Kisha atoe zile mpya, atie zilizochoka, zile ambazo ungezianika. Usizianike. Keti karibu, usikilize, na baba yako akikuita, itika.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Milembe, yaani Kabula wako.