Draiva za Kompyuta ya Hayat

Kamenu, Thika
12 Novemba 1998

Mwanangu Hayat,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Nakuru, na vipi ile baridi ya asubuhi ambayo Zaid anasema inakupeleka kazini na shali mbili? Sisi hapa tu wazima. Mama yako goti linamsumbua akitoka sokoni, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote, na wiki hizi tatu ameutumia kwangu. Anawaambia majirani kwamba nimeoa mke wa pili, wa rangi ya kijivu, anayelala mezani na kula umeme.

Ulituma neno kupitia kwa kaka yako Zaid kwamba utakuja Jumamosi ya tarehe tano Desemba kuchukua kompyuta yako. Mimi nimejiwekea nadhiri kwamba utaikuta jinsi ulivyoiacha, na ndiyo maana ya shughuli zote nitakazokusimulia. Zaid alikuambia iliingiwa na virusi, ikabidi ifutwe yote na kuwekwa Windows upya. Hilo la virusi nitalirudia. Kwanza nikueleze niliyojifunza, kwa sababu tangu nistaafu sijawahi kujifunza mengi kiasi hiki, na nimekosa mtu wa kumweleza. Mama yako husikiliza mpaka nifike kwenye disketi, kisha anakumbuka ana kitu jikoni.

Gichuru, yule mwenye ofisi ya kupiga chapa karibu na posta, alikuja Jumapili moja na sidii yake ya Windows 95. Alifuta, akaweka upya, na mimi nikaketi nyuma yake na daftari kama mwanafunzi. Mashine ilipowaka nilidhani ameniharibia. Herufi zilikuwa kubwa kupita kiasi, rangi zimebaki chache za kuhesabu, na spika hazikutoa hata mlio mmoja. Nilimwuliza kama ameivunja. Akacheka, akasema, "Mashine iko sawa, mwalimu. Ni vile tu haijui iko na nini ndani."

Maneno hayo yalinikaa kichwani. Alinieleza kwamba Windows ikiwekwa upya inaijua mashine kwa juu juu tu. Kila kifaa kilichomo, cha picha au cha sauti, kina programu yake ndogo inayoifundisha Windows namna ya kukitumia. Hiyo ndiyo wanaiita draiva. Huja kwenye disketi pamoja na kifaa kikiwa kipya. Akaniomba disketi hizo. Mashine yako uliinunua mtumba kutoka ofisi moja ya Nairobi, na haikuja na kitu ila waya zake, kwa hiyo sikuwa na la kumpa. Nilimwuliza basi tutajuaje ni draiva gani tutafute. Akasema kadi za ndani zina namba, na nikitaka nifungue nisome.

Sikulala vizuri kwa hamu. Asubuhi baada ya kuswali nilichukua bisibisi ya cherehani ya mama yako nikaifungua. Hayat, uliwahi kuona ndani yake? Nilitarajia kitu kilichojaa mpaka kwenye kifuniko, kumbe nusu nzima ni nafasi tupu na vumbi. Nilipuliza, nikapiga chafya, nikaanza kuchora ramani yake. Unanijua. Nilifanya feni kuwa kaskazini. Kisha nikatoa lenzi niliyokuwa nikitazamia stempu, nikaandika kila namba niliyoiona kwenye kila kadi, arubaini na moja kwa jumla. Nilipompelekea Gichuru daftari alisoma kwa adabu mpaka mwisho, akaniambia kwamba nyingi ni tarehe za kiwandani na moja ni namba ya plagi. Lakini mbili zilimpendeza, moja ya kadi ya picha na moja ya kadi ya sauti. Yeye hakuwa na draiva zake. Akasema mtu pekee anayeweza kuwa nazo ni Simeon wa Ruiru.

Simeon ana kibanda cha kutengeneza redio na televisheni nyuma ya stesheni ya reli. Ni Mkikuyu wa makamo, mpole, asiyeinua macho kazini. Siku hizi anafungua kompyuta zilizokufa, na kila anayoifungua anahifadhi draiva zake kwenye maboksi ya viatu. Nilihesabu maboksi tisa. Nikamtajia namba zangu mbili, akavuta boksi la nne bila kufikiri, akanionyesha disketi zote mbili, kisha akazirudisha ndani. Alinieleza sheria yake. Yeye hauzi draiva. Anabadilisha. Ukileta ambayo hana, unaondoka na unayoitaka, kwa sababu pesa ingeishia kwa chakula cha mchana na boksi lingebaki vile vile. Sikuweza kubishana naye. Nilimwuliza ni ipi hana. Akasema kuna shule hapo Ruiru imemletea printa ya zamani ya zile za sindano, na ametafuta draiva yake tangu Agosti.

Basi, mzee mzima nikaanza kuzunguka nikiulizia draiva ya printa nisiyoijua, niipate nikabadilishe na draiva za kadi nisizozielewa. Niliulizia hospitalini, nikaulizia kwenye ghala la ngozi, nikaulizia kwa karani wa kanisa la pale mtaani, ambaye alinikaribisha chai na tukazungumza saa nzima juu ya printa yake, ambayo haikuwa yenyewe. Nilikuwa nafurahi, lazima nikiri. Watu wanapenda kuulizwa kuhusu mashine zao. Nilikuwa sijui hilo.

Mwishowe nikamkumbuka Katunge. Nilimfundisha darasa la saba, na sasa ni karani katika shamba moja la kahawa ng'ambo ya Witeithie. Nilimkuta ofisini kwake, mama wa watoto watatu. Alinipa kiti, akaniuliza nimekuja kwa lipi. Nikamwambia natafuta disketi ya printa fulani, ila sijui inafananaje, na sijui kama anayo, na hata akiwa nayo sijui nitaitambuaje. Akanitazama kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ni mara ya kwanza nakusikia ukisema hujui. Kwa darasa letu hilo neno lilikuwa letu peke yetu." Alisema kwa kucheka, bila ubaya wowote, na mimi nikacheka. Akafungua kabati, akatoa bahasha ambayo mtu aliyeuza printa yao alimwachia miaka sita iliyopita, haijawahi kufunguliwa. Disketi ilikuwa humo.

Simeon aliishika disketi hiyo kwa ncha za vidole, akainakili papo hapo, na ile yenyewe ya Katunge akanirudishia. Akanipa zangu mbili. Sauti ilikubali siku hiyo hiyo. Ule muziki mfupi wa Windows ulipolia, mama yako alikuja kutoka uani akauliza ni nani amefika.

Picha ilikataa. Niliweka draiva, nikazima, nikawasha, na skrini nzima ikawa mistari ya kijani. Nikarudi Ruiru nimenyong'onyea. Simeon aliniuliza ile namba niliisoma juu ya karatasi iliyobandikwa au juu ya chipu yenyewe. Nikasema juu ya karatasi, maana ndiyo iliyoandikwa vizuri. Akaniambia nikaibandue. Nilirudi, nikaibandua kwa ukucha, na chini yake, kwa herufi hafifu ambazo hata kwa lenzi ilibidi nizielekeze dirishani, kulikuwa na jina jingine kabisa. Ile karatasi ilikuwa ya muuzaji tu. Aliyeitengeneza kadi alikuwa amejificha chini. Nilipeleka jina hilo kwa Simeon, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akavuta boksi la pili, na safari hii hakudai kitu. Jumanne mchana rangi zote zilirudi.

Kwa hiyo kompyuta yako ni nzima. Picha, sauti, yote yako sawa.

Sasa nirudi kwa virusi. Hayat, hapakuwa na virusi. Mimi ndiye niliyetaka ifutwe, na nilikuwa na sababu.

Mwezi wa Oktoba nilikuwa nikipiga chapa majina ya wanachama wa chama chetu cha mazishi, jinsi ulivyonionyesha. Nilipokuwa nikitafuta faili yangu niliona nyingine inayoitwa BABA. Nilidhani umeniachia maelezo ya kutumia mashine, nikaifungua. Ilikuwa barua ya kurasa mbili uliyoniandikia na hukuituma. Nilipaswa kuifunga kwenye mstari wa pili. Sikuifunga.

Uliandika kwamba sijawahi kukuuliza swali ila niwe tayari na jibu lake. Uliandika kuhusu fomu ya chuo cha uhazili, ambayo niliijaza mimi na wewe ukatia sahihi. Na uliandika kwamba siku ya zawadi, ukiwa kidato cha tatu, wazazi wa wenzako walikuja na mimi sikuja. Hapo mkono wangu ukaenda kwenye kibodi. Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja, na mkono haukuniuliza. Nilifuta sentensi yako na nusu ya ile iliyofuata, nikaandika mahali pake kwamba Baba alikuja, alisimama karibu na tangi la maji. Kisha nikahifadhi, maana wewe ndiye uliyenifunza kuhifadhi kila mara.

Asubuhi yake nilirudi kuyaondoa maneno yangu nirudishe yako, nikagundua kwamba siyakumbuki. Nilijaribu kuandika kama wewe. Kila nilichoandika kilisikika ni mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu niwe mtu mzima. Nilijua kwamba siku moja utaifungua barua hiyo, utaona kwamba nimeisoma, na kwamba hata katika barua yako mwenyewe sikukuacha umalize. Basi nikamwita Gichuru, nikamwambia kuna virusi, afute kila kitu.

Zaid alipokupa habari, ulimjibu kwamba haidhuru, hakukuwa na kitu cha maana humo. Jibu hilo limeniuma kuliko barua yenyewe. Nilikuwa najua kilichokuwamo.

Nimezunguka Thika na Ruiru nikijiambia kwamba nikirudisha rangi na sauti nitakuwa nimelipa. Sijalipa. Ulichokiandika hakimo katika boksi la mtu yeyote. Jana nilimweleza mama yako yote. Nilitazamia anitanie, hakunitania. Alisema nikuandikie mwenyewe kwa mkono wangu, nisimtume Zaid tena.

Na kuna jambo ambalo hata yeye nilikuwa sijamwambia kwa miaka sita. Siku ile ya zawadi nilikuja kweli, na nilisimama karibu na tangi la maji. Lakini mwalimu wako mmoja alinipa mkono wa pongezi akaniambia zawadi yako ni ya kuchora. Mimi nilikuwa nimewaambia watu wote msikitini kwamba ni ya hesabu. Niliondoka kabla jina lako halijaitwa. Ulipopanda jukwaani na kutazama watu, mimi nilikuwa njiani narudi nyumbani. Kwa hiyo sentensi yako ilikuwa sahihi, na mimi nikaifuta nikaweka kosa. Sikuja, Hayat. Nisamehe kwa siku ile, na unisamehe kwa kuifuta.

Nina swali moja. Ile fomu ya chuo, ungeijaza wewe kwa mkono wako, ungeandika nini? Naomba uniambie, kwa sababu nimekaa nalo tangu Oktoba na sijui.

Mama yako anakusalimu sana, anasema usiimalizie Nakuru unga wake wote, ubakishe nafasi ya chapati zake. Zaid anakusalimu. Gichuru naye ametuma salamu, na anaulizia kama unauza ile kibodi. Kompyuta nimeifunika kitambaa, haiguswi na mtu. Ukija tarehe tano nitafurahi kupita kiasi. Ukiona ni vyema Zaid akuletee na wewe ubaki huko kwanza, nitaifunga vizuri kwenye blanketi na sitalalamika. Lakini lile swali, nijibu. Andika urefu utakaopenda. Nitasoma mpaka neno la mwisho, na kalamu nitampa mama yako anishikie.

Mimi baba yako,
Swaleh Adan