Maneno Niliyoyalainisha

Mpendwa dada,

Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto. Mimi naendelea, ingawa leo sitasema sijambo kwa mazoea tu. Nisalimie wanangu hao, uwaambie mama mdogo wao hajawasahau. Na shemeji je, bado anaongea na wewe kwa mkono mmoja kwa kuwa wa pili umeshika kikombe cha chai? Mwambie nusu ya maneno yake huwa siyapati, na pengine ni heri.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ya video ipo na mikono tunayo. Lakini ukiniona usoni utanihurumia kabla hujalijua kosa langu, na sitaki iwe hivyo.

Najua mmeona kwamba sipo tena kwenye kile kisanduku cha mkalimani wa lugha ya alama pembeni mwa televisheni. Niliwaambia niko likizo. Nilidanganya. Wiki saba zilizopita, katikati ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, mikono yangu iligoma. Waziri anaongea, namsikia vizuri kabisa, na mikono imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Msimamizi wa zamu alinipungia kutoka nyuma ya kamera mpaka akachoka, wakaiondoa picha yangu. Nilikwenda kujifungia chooni nikalia, hadi fundi mitambo alipogonga kuuliza kama kuna mtu.

Haikuanzia hapo. Kazi hii unaijua kuliko mimi, kwa kuwa wewe kiziwi ndiye uliyenifundisha hiyo lugha kabla sijajua kusoma. Mkalimani hasemi kwamba yule bwana amekasirika. Anakasirika yeye. Msemaji akitukana, uso unaotukana ni wangu. Tangu kampeni zianze, kwa saa sita kila siku nimekuwa mtu anayechukia watu, na huwezi kuvaa chuki usoni saa sita ikakosa kupenya ndani. Nilirudi nyumbani taya zinauma. Redio ya jirani ikiwashwa tu, nafunga madirisha. Maji yalinifika shingoni, nami nikaendelea kutabasamu kazini.

Muuguzi wa zahanati alinipima presha mara tatu, kisha akaniambia ugonjwa wangu hana kidonge chake, niende kwa mshauri nasaha. Nilikuwa mkali, nikamwambia sijarukwa na akili. Akanijibu kwa upole kwamba hata wenye akili zao huchoka nazo. Nikaenda.

Mshauri ni mama mmoja mnene, wa sauti ya chini, chumba chake kiko juu ya duka la miwani; viti viwili na feni inayolia kama ina mafua. Aliniuliza najisikiaje. Nikamweleza waziri anasema nini, wapinzani wanajibu nini, mhariri analalamika nini. Nusu saa nzima! Akasema hao wote amewasikia, bado mimi. Dada, nikaanza tena na waziri. Akanipa zoezi: kila siku nikae mbele ya kioo dakika kumi, niseme kwa mikono jambo ambalo hakuna aliyenituma kulisema. Wiki ya kwanza nilisema nina njaa, nina usingizi. Cheka tu. Wiki ya tatu mikono ikasema jambo jingine, nikakifunika kioo kwa taulo. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nakuambia.

Uliniandikia habari za rafiki yako fundi viatu, kiziwi mwenzio, huyu tunayemwita Kidevu. Kwamba Ijumaa ile alipanga meza yake barabara kuu kama kawaida, askari wakaja na virungu, hakusikia amri ya kuondoka, wakamvunja mkono wa kulia. Mkono wake wa kazi na wa kusema. Ukauliza ilikuwaje asijue, na yeye taarifa ya habari haimpiti. Mkakubaliana kwamba wakubwa waliwaficha viziwi makusudi.

Dada, kikulacho ki nguoni mwako. Tangazo lilitolewa Alhamisi yake, mikono yangu ikiwa bado haijagoma, na mkalimani nilikuwa mimi. Msemaji wa serikali alisema watakaokutwa barabara kuu kesho yake ni mende, na watafagiwa kwa nguvu bila kuulizwa jina. Nilijua unanitazama. Nikashindwa kuwaita watu mende kwa uso wangu. Nikasema, kwa mikono ya upole, kwamba wananchi wanaombwa kupunguza msongamano barabara kuu. Na haikuwa mara ya kwanza. Miezi minne nilikuwa nawalainishia maneno, nikidhani nawapunguzia sumu. Kumbe nilikuwa nawanyima hofu ambayo ingewaokoa.

Nilimuuliza mshauri kama uchovu unanisamehe. Akasema uchovu unaeleza tu, na kwamba wa kunisamehe hayumo chumbani mle. Nililia sana. Kituoni nimeshawaandikia ukweli wote, wakinifukuza ni haki yao. Linalonitia hofu ni kwamba hutaniamini tena.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuja. Nakuomba unipeleke kwa Kidevu nimweleze mwenyewe, ana kwa ana, na nimtazame akinijibu kwa mkono wa kushoto, hata ikichukua siku nzima. Sitamkatiza.

Wasalimie wote, kila mmoja kwa nafasi yake. Nikifika nitabonyeza swichi ya nje, taa ya sebuleni iwake na kuzima. Ukichungulia ukaona ni mimi, na moyo ukakataa, usifungue. Nitakaa ngazini hadi jioni, halafu nitarudi Jumamosi nyingine.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemfundisha kusema.