Mkasi wa Mama Hauji Huko

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Soko la Nguo.
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Usafi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, na wifi yangu na watoto pia. Sisi tu wazima, ila mimi nina hasira, na sitaificha chini ya salamu.

Barua yako imefika. Eti nikutumie mkasi wa Mama uutundike sebuleni, uwe kumbukumbu. Kumbukumbu ya nani? Mama yuko hai, na hivi ninavyoandika anakatia sare za shule mkasi huohuo.

Alipolazwa, ulikuja likizo ukafagia chumba chake cha kushonea kana kwamba umeshamzika. Mkasi, koleo, nyundo ya vifungo, vyote ukavitia guniani ukampa muuza vyuma chakavu.

Nilizunguka mpaka nikaupata mkasi, umeota kutu, makali yana mapengo. Kuna mtu ameshaukatia waya. Niliuloweka kwenye siki, nikausugua, nikanoa upande wa nje tu, maana ukinoa wa ndani mkasi hutafuna kitambaa. Nikautia mafuta ya cherehani. Mama akaujaribu, ukakata mpaka ncha.

Sasa sikia balaa lako. Mama aliporudi akakuta droo tupu, alimshuku jirani yetu, fundi wa mapazia, yuleyule aliyekuwa akimpelekea uji hospitali. Nilipomwambia Mama nimeununua kwa muuza vyuma, akasema, "Kumbe ndiko huyo jirani alikouuza." Nikamwambia ni wewe. Akasema, "Mwanangu hawezi. Wewe una wivu naye tangu utotoni." Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Mama anakitafuta kwa jirani.

Jirani bado hutusalimia kila asubuhi na Mama hugeuza uso. Aibu inabaki kwangu. Jana nilimwona akifunga mizigo. Amepata chumba mtaa mwingine.

Basi mkasi hauji. Mpigie Mama simu kabla jirani yule, mama wa watu, hajahama. Wewe atakuamini hata ukimdanganya, kwa hiyo safari hii mwambie kweli.

Msalimie wifi, wabusu wanao, na mwambie shangazi yetu salamu zake zimefika. Mungu akupe afya, na akufungue kinywa.

Wako akupendaye, leo kwa shida,
Dada yako